Mita 3 au mita 3.5: namna ya kupanga upana wa njia kwenye barabara ya mjini

Chukua barabara ya mjini yenye lami ya mita 14 kutoka ukingo hadi ukingo, njia nne, kila njia mita 3.5. Punguza kila njia kwa nusu mita na utabaki na mita 2 mkononi. Mita hizo zinaweza kuwa kisiwa cha kuwasimamisha wanaovuka, zinaweza kuwa njia ya baiskeli, au zikageuka njia ya tano ya bodaboda ambayo hakuna aliyeichora. Itakuwa ipi kati ya hizo inategemea ulivyopima kabla ya kufungua kopo la rangi.

Mwongozo huu ni wa mafundi na wahandisi wa halmashauri na kaunti, pamoja na kamati za mitaa zinazotaka kupeleka pendekezo lenye namba kwa mwenye barabara: TARURA au TANROADS kwa Tanzania, KURA, KeNHA au serikali ya kaunti kwa Kenya. Usichore hata mstari mmoja bila idhini yao. "Njia" hapa ni ile ambayo Nairobi wanaiita leni.

Mjini au barabara kuu?

Swali hili ndilo la kwanza, kwa sababu majibu yake yanapingana.

Nje ya mji, kwenye barabara ya njia mbili ambako magari yanakwenda 80 au 100, usipunguze upana. Mwongozo wa usalama wa barabara wanaoutumia wahandisi wa Marekani tangu 2010 unaipa njia ya mita 3.6 kipimo cha 1.00, kisha unapanda: mita 3.3 ni 1.05, mita 3.0 ni 1.30, mita 2.7 ni 1.50. Maana yake, kwenye barabara inayopitisha zaidi ya magari 2,000 kwa siku, njia ya mita 2.7 ina nusu zaidi ya ajali za kuacha barabara, za uso kwa uso na za kukwanguana ubavuni. Barabara isiyofikisha magari 400 kwa siku haina tofauti kubwa hivyo: hata mita 2.7 inapewa 1.05 tu. Bega, yaani ukanda wa pembeni nje ya njia, nalo lina uzito wake. Barabara yenye magari mengi isiyo na bega kabisa inapewa 1.50 ikilinganishwa na ile yenye bega la mita 1.8. Kwa hiyo ukiwa na fedha ya kupanua mita moja tu huko barabara kuu, na njia zako tayari zina mita 3.3, ipeleke fedha hiyo kwenye bega.

Hilo bega liwe usawa mmoja na lami. Lami inapokatika wima na udongo ukawa chini kwa sentimita 5 au zaidi, tairi likishuka dereva hukata usukani kwa nguvu ili arudi. Tairi linakwama kwenye ukingo, kisha linapanda ghafla, na gari linavuka mstari wa kati kabla hajaunyoosha usukani. Dawa ni kuumalizia ukingo wa lami kwa mteremko wa nyuzi 30 badala ya kuukata wima, na kujaza udongo kila baada ya masika.

Mjini mambo yanageuka. Utafiti wa Potts na wenzake, Marekani, 2007, ulipima barabara kubwa za mijini na haukuona kwamba njia nyembamba kuliko mita 3.6 zinaongeza ajali kwa jumla. Walikuta mahali pachache ambapo ziliongeza, na mojawapo ni muhimu sana kwetu: barabara ya njia nne isiyo na kisiwa cha kati, yenye njia za mita 3.0 au chini yake. Mwaka 2023 watafiti wa Johns Hopkins walipima vipande 1,117 vya mitaa katika miji saba ya Marekani. Kwenye mitaa ya mwendo wa kilomita 32 hadi 40 kwa saa upana haukuleta tofauti. Kwenye ile ya kilomita 48 hadi 56, njia za mita 3.0, 3.3 na 3.6 zilikuwa na ajali nyingi kuliko zile za mita 2.7. Dereva akipewa nafasi anaichukua kama ruhusa ya kukanyaga mafuta.

Lakini miji ile haina bajaji. Usizinakili namba zao kama zilivyo. Soma mpaka kwenye hesabu ya sentimita 22 hapo chini.

Je, njia nyembamba inaleta foleni?

Hofu hii ndiyo inayoua mapendekezo mengi kikaoni, na kwa mjini mara nyingi haina msingi. Uwezo wa barabara ya mjini unaamuliwa kwenye mataa na kwenye makutano, si katikati ya kipande. Taa ikiwa kijani, magari yanatoka moja baada ya jingine kwa kasi ya mguu wa dereva, na upana hauingilii sana hapo. Mwongozo wa Kimarekani wa kukokotoa uwezo wa barabara, kwa toleo la 2010, unazipa njia zote za kati ya mita 3.0 na 3.9 kipimo kimoja, 1.00. Chini ya mita 3.0 unashusha hadi 0.96 tu. Kanuni ya Waingereza ya 1986 ni kali zaidi kidogo: kila mita moja ya upana ni magari 100 kwa saa ya kijani kitupu, kutoka kama 2,000. Punguza sentimita 50, unapoteza magari 50, yaani asilimia 2 au 3.

Barabara ya mwendo wa kasi isiyo na mataa ni habari nyingine. Huko njia ikishuka chini ya mita 3.6 mwendo wa kawaida unapungua kwa kilomita 3 hivi kwa saa, na ikishuka chini ya mita 3.3 unapungua kwa zaidi ya kilomita 10.

Vipimo vya kuchukua

Nenda Jumapili asubuhi na tepu ya mita 30, chaki, koni sita, fulana za kuakisi mwanga, na mtu mmoja ambaye kazi yake pekee ni kuangalia magari. Yule mtu asishike daftari.

Pima kila mita 50, na pia kila panapobadilika: kwenye kalvati, kituo cha daladala, kona, mlango wa makutano. Andika upana unaotumika, si upana wa kwenye ramani. Lami iliyoliwa pembeni iondoe. Mchanga uliojikusanya uondoe. Penye mtaro wazi punguza sentimita 30 hadi 50, kwa kuwa hakuna dereva anayeendesha akiuchungulia mtaro. Barabara inayoitwa ya mita 14 mara nyingi huishia 13.2, na anayepanga kwa 14 njia ya nje ndiyo inayolipa.

Kisha spidi. Weka alama mbili za chaki zilizopishana mita 50, simama mahali madereva hawatakuona, tumia saa ya simu. Sekunde 6.0 ni kilomita 30 kwa saa, 4.5 ni 40, 3.6 ni 50. Pima magari 100 yanayokwenda yenyewe, si yanayofuata jingine. Yapange kutoka la polepole hadi la kasi na usome la 85. Hiyo ndiyo spidi ya barabara yako, liseme lisemalo bango.

Kwenye mataa, pima mwachano, yaani sekunde zinazopita kati ya gari moja na linalofuata. Saa ianze gari la nne kwenye foleni linapovuka mstari wa kusimamia, iishe linapovuka la mwisho lililokuwa limesimama. Gawanya sekunde kwa idadi ya magari baada ya la nne. Sekunde 1.9 ni magari takriban 1,900 kwa saa ya kijani, sekunde 2.2 ni 1,640 hivi. Bodaboda zilizojipanga mbele ya mstari usizihesabu kama magari, ila ziandike pembeni. Rudia mizunguko 15. Ukikosa namba hii ya "kabla", baadaye mtu yeyote atasema foleni imeletwa na rangi yako, na hutakuwa na cha kumjibu.

Mwisho hesabu kinachopita, kwa robo saa, asubuhi na jioni: bodaboda, bajaji, gari dogo, daladala, basi, lori, trela, baiskeli na mkokoteni, na watu wanaovuka. Watu wanaovuka husahaulika kila mara.

Sentimita 22

Gari dogo lina upana wa mita 1.75 hivi. Bajaji ni mita 1.3. Pikipiki kwenye usukani ni kama mita 0.8.

Magari mawili yakisimama sambamba, kila moja katikati ya njia ya mita 3.5, pengo kati yao ni mita 1.75. Bajaji inaingia na kubakiza sentimita 22 kila upande. Fanya njia ziwe mita 3.0: pengo linakuwa mita 1.25. Bajaji haiingii tena. Sasa ni bodaboda inayoingia, na inabakiza sentimita zile zile 22. Toa na vioo vya pembeni, ambavyo huchukua hapo sentimita 15 hivi kila upande, na bodaboda nayo inapita kwa kukwepa.

Kwa hiyo kwa kupunguza nusu mita unachagua nani atakayejipenyeza. Barabara iliyojaa bajaji, ukipunguza hadi 3.0 bila kuzipa mahali, zitarudi kwenye foleni kama magari, na kila moja itachukua nafasi ya gari. Hapo foleni inaweza kurefuka kweli, na si kwa sababu zinazosemwa vitabuni. Wahindi waliliona hili mapema: mwongozo wao wa 2017 haukokotoi uwezo wa mataa kwa idadi ya njia bali kwa mita za upana, kwa kuwa kule, kama huku, mstari ni ushauri.

Dawa inayofanya kazi ni kuweka mstari wa pili wa kusimamia, mita 4 au 5 mbele ya ule wa magari na nyuma ya kivuko cha waenda kwa miguu, pikipiki zikusanyike hapo. Zitakusanyika hata usipouchora. Tofauti ni kwamba usipouchora, zitasimama juu ya pundamilia.

Kuchagua upana

Kanuni ni mbili tu: gari kubwa linalopita mara kwa mara, na spidi unayoitaka (si unayoipata sasa). Basi kubwa lina bodi ya mita 2.5 au 2.55, na vioo vinalifikisha karibu mita 3. Mabasi mawili yakipishana kwenye njia za mita 3.0 vioo vinagusana.

- Mtaa wa makazi, mwendo wa 30: mita 2.75 hadi 3.0.
- Njia ya ndani mjini, mwendo wa 40 hadi 50, magari madogo mengi: mita 3.0.
- Njia ya nje inayopitisha daladala, mabasi au malori ya kawaida: mita 3.25.
- Njia ya mabasi peke yake, njia ya trela za makontena, au barabara ya mwendo wa 60 na zaidi: mita 3.5.

Zaidi ya mita 3.5 kwenye kipande kilichonyooka mjini ni hasara. Njia ya mita 4.5 au 5 haina mwenyewe: asubuhi ni njia moja, saa kumi na moja jioni ni mbili, na anayekuja upande wa pili hajui ni ipi kati ya hizo.

Baiskeli zikiwa nyingi na hazina njia yake, epuka kati ya mita 3.2 na 3.9. Mwongozo wa Uingereza wa 2020 unaukataa upana huo kwa baiskeli zinazochanganyika na magari, na sababu ni ya kibinadamu kabisa. Kwenye mita 3.0 dereva anaona wazi kwamba hapitiki, anasubiri. Kwenye mita 4 anapita kwa nafasi. Hapo katikati anadhani anapita. Ndiyo maana ile mita 3.25 ya daladala inahitaji baiskeli ziwe na mahali pao, hata kama ni bega la mita 1.5 lililotenganishwa na vizuizi.

Kwenye kona ongeza. Magurudumu ya nyuma ya gari refu hukata ndani. Kwa kila njia, chukua urefu kati ya ekseli ya mbele na ya nyuma, uzidishe kwa wenyewe, ugawe kwa mara mbili ya nusu kipenyo cha kona. Basi la mita 6 kati ya ekseli kwenye kona ya nusu kipenyo cha mita 50: 36 kwa 100, yaani mita 0.36 kila njia. Kisha, kwa barabara nzima ya njia mbili, ongeza spidi mara 0.1 gawanya kwa kipeuo cha pili cha nusu kipenyo: kwa mwendo wa 40, mita 0.57. Jumla ni mita 1.3 hivi. Kwenye kona ya mita 200 jumla inashuka hadi chini ya nusu mita. Trela inadai zaidi ya basi, na haina kanuni fupi: panga koni, mwombe dereva apite polepole, chora kwa chaki tairi la mwisho linapokanyaga.

Kuzipa kazi zile mita zilizobaki

Rudi kwenye barabara ya mita 14 za kweli, njia nne, haina kisiwa. Kosa la kawaida ni kuchora njia nne za mita 3.0 na kuacha mita 2 kama mistari ya mshazari katikati. Umeangukia pale pale Potts alipoonya, na mistari ya mshazari kwa bodaboda ni barabara ya bure.

Fanya hivi: njia za nje mita 3.25, za ndani mita 3.0, jumla mita 12.5, na katikati kisiwa kigumu cha mita 1.5. Mtu na mtoto mkononi wanasimama hapo salama. Baiskeli, yenye urefu wa mita 1.8 hivi, haitoshi; mkokoteni ndio kabisa. Ikiwa hao wanavuka hapo, kisiwa kiwe mita 2 kwenye kivuko, na njia za nje zibane hadi 3.0 kwa mita 15 tu.

Faida yake ihesabu hivi. Mtu mzima anatembea mita 1.2 kwa sekunde. Mita 14 anazimaliza kwa sekunde 11.7, na gari la mwendo wa 50 ndani ya muda huo linatembea mita 162. Anahitaji kuziona pande zote mbili zikiwa wazi kwa umbali huo, jambo ambalo saa mbili asubuhi halipo. Kukiwa na kisiwa anavuka mita 6.25 kwa sekunde 5.2, na pengo la mita 72 la upande mmoja linamtosha. Usizisahau kingo za kisiwa zishuke hadi usawa wa lami pale watu wanapopita. Kisiwa cha kuruka hakimfai mwenye kiti cha magurudumu, naye atazunguka kupitia barabarani.

Tahadhari moja: njia moja ya mita 3.0 kati ya kingo mbili ndefu ni mtego. Gari likiharibika, hakuna kinachopita, hata ambulensi. Mahali kama hapo kingo ziwe fupi na za mteremko ili magari yaweze kupanda.

Rangi na mistari

Futa mistari ya zamani kwa kukwangua au kwa maji ya shinikizo. Ukiifunika kwa rangi nyeusi, usiku wa mvua inang'aa kuliko mipya, na dereva anafuata ya zamani. Pima upana kutoka katikati ya mstari hadi katikati ya mstari, na uandike hivyo kwenye mchoro. Mstari una sentimita 10 hadi 15, na mafundi wawili wakipima kila mtu kwa namna yake, njia moja inapotea sentimita 15.

Lami iwe kavu na imefagiliwa. Rangi ya kuyeyushwa kwa moto, unene wa milimita 3, yenye shanga za kioo juu yake, inadumu kuliko rangi ya kopo, ambayo kwenye makutano yenye shughuli hufutika mapema sana. Njia inapohama pembeni au kuisha, mstari wa mshazari uwe mrefu: upana unaohama, mara spidi mara spidi, gawanya kwa 155. Kwa mwendo wa 50 ni mita 16 kwa kila mita moja. Kuifuta njia ya mita 3.25 kunahitaji mita 52. Ukifupisha hapo utapata breki za ghafla kila siku mahali pale pale.

Kabla ya rangi, panga koni kwa siku nzima kwenye upana mpya. Koni zilizoangushwa zitakuonyesha ulipobana kupita kiasi.

Baada ya wiki mbili, na tena baada ya miezi mitatu

Pima tena spidi na mwachano kwa njia ile ile, saa zile zile. Usitarajie rangi peke yake ishushe spidi sana. Kinachomfanya dereva ainue mguu ni kitu kigumu karibu naye. Kisha tembea kwa miguu barabara nzima ukiangalia chini. Weusi wa matairi kwenye pua ya kisiwa unasema mstari wa kukielekea ni mfupi. Udongo uliokanyagwa nje ya ukingo wa kona unasema hesabu yako ya trela ilikuwa ndogo. Ukikuta vipande vya vioo vya pembeni, viokote, uweke alama ulipoviokota. Vikirudi mahali pale pale mara ya tatu, hapo rudisha sentimita 25 kwenye njia ya nje, hata kama itabidi uzitoe kwenye kisiwa.